Mwaka Niliojifunza Kusikiliza Pumzi

Simu ya Lusekelo, mtoto wa mwalimu wangu wa zamani, ilinikuta kibarazani nachambua maharage. Hakuzunguka. Alisema, "Mama, Mzee ametangulia asubuhi hii," kisha akanyamaza ili nipate nafasi ya kuweka ungo chini. Kesho yake nilipanda basi la kwanza kutoka Iringa, na magoti yangu yakalalamika njia nzima, Mafinga, Makambako, mpaka Chimala, ambako basi lilisimama na wauza mchele wakaja madirishani kama wajavyo siku zote. Tulimzika Mzee Ambakisye juu ya Tukuyu, pembeni mwa kahawa yake, katika mvua ya Rungwe ambayo haimngoji mtu amalize sala. Mzee wa kanisa alisoma historia ya marehemu: alipigana vita Burma, alizaa watoto wanane, alikuwa mzee wa usharika kwa miaka mingi, alikuwa wa kwanza kijijini kupanda kahawa kwa mistari. Kuhusu miaka yake ya hospitali alisoma sentensi moja tu, kwamba marehemu pia aliwahi kufanya kazi ya uganga. Nilitaka kusimama niseme neno, lakini mvua ilikuwa imewachosha watu, na mimi ni mgeni, mwanamke mzee wa Kihehe aliyejifunika kitenge kilicholowa. Nikakaa. Sasa nimerudi nyumbani, na kwa kuwa pale makaburini sikusema, nayaandika hapa.

Mwaka ninaoukumbuka ulikuwa miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na moja, nesi mwenye cheti kipya, katika hospitali ya misheni nje ya mji wa Iringa. Chumba chetu cha upasuaji kilikuwa na dirisha kubwa upande wa mawio ya jua, kwa sababu umeme haukuwapo, na upasuaji wote ulifanyika asubuhi jua likiwa linaingia hadi mezani. Ukuta ulipakwa chokaa nyeupe, sakafu ilikuwa ya saruji nyekundu tuliyoisugua kwa magoti kila Jumamosi, na kulikuwa na harufu ya dawa ya kuua vijidudu, sabuni na klorofomu, dawa ya usingizi yenye harufu tamu. Kila kazi katika chumba kile ilikuwa na mwenyewe. Daktari wetu, Mzungu, alikuwa na visu vyake. Sista Benedikta, mtawa aliyesimamia chumba, alikuwa na funguo na vyombo vyake. Kazi ya nusu kaputi peke yake haikuwa na mtu. Aliyekuwa mikono mitupu ndiye aliyeambiwa asimame kichwani pa mgonjwa, ashike kile kikapu kidogo cha waya kilichofungwa shashi, adondoshe dawa tone kwa tone mpaka mgonjwa alale. Nimewahi kumwona mtunza bustani akinawa mikono na kuitwa. Hakuna aliyeona ajabu. Wengi waliamka, na wale ambao hawakuamka tuliambiwa moyo wao ulikuwa dhaifu.

Yustina aliletwa siku ya Jumatatu. Alikuwa msichana wa miaka kama kumi na sita, aliteleza akitoka kisimani na mtungi, akaangukia mkono, na mifupa ikapishana juu kidogo ya kiganja. Mama yake alimsindikiza kwa miguu, akakaa nje kwenye benchi na viazi vitamu vya kuchemsha vimefungwa kwenye kitambaa, kwa ajili ya mwanawe akiamka. Daktari aliupapasa mkono akasema ni kazi ya dakika tano. Mimi ndiye niliyekuwa mikono mitupu. Nilidondosha klorofomu kama nilivyoona wengine wakifanya, Yustina akanung'unika kidogo, akalala. Daktari akavuta mkono, dresa, mfunga vidonda wetu, akashika kiwiko, na sote tukainama tuone. Ulikuwa mvuto wa ustadi kweli. Nilisikia mifupa ikigonga na kukaa mahali pake, na Daktari akasema kwa lugha yake, vizuri sana. Nami nilikuwa nikitazama mkono. Nilipogeuka kumtazama Yustina, kidevu kilikuwa kimeshuka kifuani na midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Tulimtikisa, tulimpiga kifuani, tukamwagia maji. Mkono wake ulibaki umenyooka kabisa.

Mama yake hakupiga kelele. Alimgusa mwanawe usoni, kisha akamwangalia Daktari na kuuliza kwa Kihehe, polepole, "Mlipokuwa mnanyoosha mkono, nani alikuwa anamwangalia mwanangu?" Daktari hakujua Kihehe, akamgeukia Sista. Sista, sijui kwa huruma au kwa hofu, alimtafsiria kwamba mama anauliza kama mtoto aliteseka. Daktari akasema hapana, hakuteseka, na Sista akaupeleka uongo huo mdogo kwa mama kama jibu. Mama akatikisa kichwa, akafunga viazi vyake. Pale ndani, mbali na Sista, mimi peke yangu ndiye niliyeelewa swali na jibu, na ndiye niliyeulizwa ingawa mama hakunijua. Nilikaa kimya. Katika maisha yangu nimesema mengi ya kijinga ambayo nimeyasahau, lakini kimya kile sijakisahau.

Baada ya wiki kadhaa Sista Benedikta aliniita stoo. Alisema amesikia kwamba katika hospitali ya serikali kule Mbeya kuna msaidizi wa daktari, Mwafrika, anayefundisha kazi ya kulaza wagonjwa, na kwamba angependa niende. Daktari alikubali upesi, akidhani nahitaji kupumzika. Nikapanda lori la mizigo lililochukua abiria, nikakaa juu ya magunia ya mahindi pamoja na mama mmoja aliyekwenda kwa mumewe kwenye machimbo ya dhahabu ya Chunya. Barabara ilikuwa vumbi mpaka Igawa na tope kutoka hapo. Nilifika Mbeya jioni yenye baridi, milima imefunikwa na ukungu, na mtu mfupi mwenye kofia ya sufu akanipokea mzigo bila kuniuliza jina. "Wewe ndiye wa Iringa," alisema. "Unatetemeka. Twende ule kwanza."

Huyo ndiye Ambakisye. Alikuwa na miaka arobaini hivi, na nyumba yake ya matofali mabichi ilikuwa nyuma ya hospitali, vyumba vitatu na jiko la nje. Mimi nilipewa chumba cha mwisho, kitanda cha kamba, blanketi la jeshi la rangi ya majani makavu, na dirisha dogo lililotazama mgomba. Ukuta kati yangu na chumba cha kulia ulikuwa wa mabanzi tu, kwa hiyo nililishwa maneno ya nyumba ile pamoja na chakula chake. Mkewe, Mama Lusekelo, alipika ndizi mbalaga zenye maharage, na alfajiri chai ya maziwa mengi iliyoungua kidogo chini ya sufuria, ladha ambayo nimeitafuta baadaye kwa makusudi na sijaipata. Mwanzoni walizungumza Kinyakyusa nami nikasikia mlio tu, kama mtu anavyosikia mto. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa naelewa nusu, ila sikuwaambia.

Wiki mbili za kwanza hakuniruhusu kugusa chupa ya etha, dawa aliyotumia kulaza wagonjwa. Kila asubuhi baada ya chai aliniweka kwenye kiti katikati ya wodi ya wanaume, akaniamuru nifunge macho na nimweleze jinsi kila mgonjwa anavyopumua. Nilidhani ni mzaha. Lakini siku ya nne nilianza kusikia: huyu wa kushoto anavuta kwa tumbo, yule wa mlangoni anakwama kila akitoa, na mzee wa pembeni ana kohozi linalogongagonga. Ambakisye aliyajifunza hayo kwenye hema la majeruhi huko Burma, ambako, alisema, umeme haukuwapo wala vitabu, na askari waliolia usiku mzima walikuwa na nafuu kuliko waliotulia. "Mgonjwa anayekoroma anakuomba msaada," aliniambia. "Aliyenyamaza hana tena nafasi ya kuomba. Wewe ogopa kimya."

Kisha akanifundisha kushika taya, vidole vidogo nyuma ya mfupa chini ya sikio, ukiliinua kwenda mbele ili ulimi usizibe koo. Tulifanya mazoezi mimi kwake na yeye kwangu, hadi vidole vikaniuma nikashindwa kumega ugali, na Mama Lusekelo akacheka akanipa kijiko kama mtoto. Tulikuwa na kitabu kimoja cha Kiingereza, kilichochakaa, kilichosema kwamba mgonjwa akikosa hewa mashavu hugeuka buluu. Ambakisye aliweka kidole kwenye mstari huo akauliza, "Mashavu ya nani?" Akanionyesha mahali pa kutazama kwa watu wetu: ndani ya mdomo wa chini, kwenye ulimi, kwenye kucha. Akanifundisha kuweka kidole mbele ya sikio ambapo mshipa hupiga, na kuandika mapigo kwenye karatasi kila dakika tano, hata kama kila kitu ni shwari, hasa kama kila kitu ni shwari. Akanifundisha kumuuliza mgonjwa kama amekula, kisha kuwauliza ndugu zake, kisha kumuuliza mgonjwa tena. Etha tuliimwaga kwenye shashi kwa mwendo wa polepole, na harufu yake iliingia nyweleni, hata Jumapili kanisani watu wa benchi langu walijua kazi yangu.

Mashine ilifika katikati ya mwaka, ndani ya sanduku la mbao lililojaa karatasi zilizosokotwa. Daktari wa pale, Mwingereza mzee ambaye wagonjwa walimwita Dokta Miwani, aliifungua mwenyewe kwa nyundo. Haikuonekana kitu cha maana: chungu cha chuma cha mviringo, na juu yake mshale wa kusogeza kwenye namba; ndani mlikuwa na nafasi ya etha, na kuizunguka nafasi ya maji ya kuzuia etha isipoe kupita kiasi. Kutoka hapo ulitoka mpira mweusi wenye mikunjo, ukaenda kwenye mvukuto mdogo uliosimama wima, kisha kwenye kinyago cha kufunika pua na mdomo. Haikuhitaji umeme. Haikuhitaji mitungi ya gesi, ambayo ingechukua miezi kutoka pwani na kufika mitupu. Ilitumia hewa hii hii ya Mbeya. Na zaidi ya yote, mgonjwa akiacha kupumua, unashika mvukuto na kumpumulia wewe. Ambakisye aliukandamiza mara moja, akasikia upepo kwenye kiganja, akaukandamiza tena. Alikwenda dirishani akakaa huko kidogo ametupa mgongo, na baadaye nilielewa kwamba alikuwa akiwahesabu wale waliokufa kwenye hema la Burma.

Siku moja nilikuwa chumba cha nguo nikikunja mashuka, na Dokta Miwani alikuwa nje ya mlango na mgeni kutoka makao makuu. Mgeni alisema kwa Kiingereza kwamba mashine ni nzuri ila isiachwe mikononi mwa hawa. Ingefaa ifungiwe mpaka atakapokuja mtaalamu. Dokta Miwani akauliza mtaalamu huyo atakuja lini. Mgeni akasema hilo halijapangwa. "Basi nitawaambia wagonjwa wamngoje," Dokta Miwani alijibu, na nikasikia hatua zake zikiondoka. Nilimweleza Ambakisye habari hiyo tukiwa tunaosha mipira. Aliendelea kuosha. Baada ya muda akasema tuongeze somo la saa moja kila alasiri, maana wakija kutafuta kosa lazima watafute sana.

Lakini mimi bado nilikuwa na mzigo wangu. Alasiri moja, nikiwa chumbani kwangu nashona sare, nilimsikia Mama Lusekelo nyuma ya mabanzi akimwambia mumewe kwa Kinyakyusa kwamba binti huyu wa Iringa anajifunza kama mtu anayekimbizwa, na kwamba amwulize ni nini kinamkimbiza. Ambakisye alisema mtu huulizwa akiwa tayari. Mkewe akasema, hapana, mtu huulizwa akiwa amekula mezani pako kwa miezi sita. Sikungoja kuulizwa. Nilitoka na sindano mkononi, nikakaa kwenye kigoda jikoni, nikawaambia habari za Yustina kuanzia mtungi hadi viazi, na swali la mama yake, na jibu la Sista, na kimya changu. Mama Lusekelo alilia. Ambakisye akasema, "Mama yule ameuliza swali la kitaaluma kuliko yote niliyosikia katika kazi hii." Kesho yake swali hilo lilikuwa limeandikwa kwa chaki ubaoni, juu ya orodha ya vifaa vya kukagua: Nani anamwangalia? Kila asubuhi kabla ya kisu tulilisoma kwa sauti, na mmoja wetu alitakiwa ajibu kwa jina lake.

Mgonjwa wa kwanza niliyemlaza peke yangu kwa mashine alikuwa mhunzi mzee kutoka Ukinga, mwenye donda la mfupa mguuni. Alipoingizwa aliuona mvukuto, akaomba aushike. Aliuvuta mara tatu, akauchungulia mshono kama mtu anayekagua kazi ya jirani. Akasema yeye amekaa kwenye mivukuto tangu utoto, na anachojua ni kwamba anayevuta akisinzia moto hufa. Akauliza nani anavuta leo. Ambakisye akaninyooshea kidole. Mzee aliitazama mikono yangu myembamba kwa wasiwasi wa dhati. "Basi mpeni chakula kwanza," alisema. Chumba kizima kilicheka, na Dokta Miwani alipotafsiriwa akaamuru niletewe chai na kipande cha mkate, nikanywa nimesimama mbele ya mgonjwa ambaye mwenyewe alikuwa amefunga tangu jana. Alilala kwa amani. Nilimsikiliza kwa saa nzima na sikumbuki uso wa mtu mwingine yeyote aliyekuwa mle ndani.

Nilirudi Iringa masika, na mashine kama ile ilikuwa imeletwa misheni kabla yangu. Niliikuta stoo, sanduku halijafunguliwa, juu yake wamepanga ndoo. Daktari wetu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwepesi wa mikono, amechoka, amezoea chupa yake ya klorofomu, na aliniambia kwa upole kwamba tutaiangalia mambo yakitulia. Mambo ya hospitali ya misheni hayatulii. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Jumapili ya pili niliomba ruhusa nikatembea hadi kwa mama yake Yustina, saa tatu kwa miguu, nikiuliza njia. Nilimkuta akipukuchua mahindi mlangoni. "Kamwene," nilisema, naye akaitikia, akanipa kigoda. Hakunitambua. Nikamwambia kwamba siku ile aliuliza swali na hakujibiwa, na kwamba nimekuja na jibu.

"Alikuwa ni mimi, mama," nilisema. "Mimi ndiye niliyewekwa nimwangalie. Nami nilikuwa naangalia mkono."

Aliendelea kupukuchua mpaka gunzi likabaki tupu. Nilijiandaa kwa lolote, hata kufukuzwa. Aliingia ndani akakaa muda, nikasikia vyombo, akatoka na bakuli la kande, akaliweka mbele yangu, akakaa kunitazama nikila. Kande zile zilikuwa za moto, zimeungwa kwa karanga, na nilizila zote. Nilipomaliza alisema kwamba tangu siku ile alidhani ni yeye peke yake anayemkumbuka mwanawe, na sasa tuko wawili. Hakusema amenisamehe, nami sikuomba. Alinisindikiza hadi kwenye njia panda, na tangu hapo nilikwenda kwake kila baada ya mavuno mpaka alipofariki. Jumatatu asubuhi niliondoa zile ndoo, nikavunja sanduku kwa nyundo ya fundi, nikaosha mipira, nikaipanga mashine kichwani pa meza ya upasuaji. Sista Benedikta aliniona. Alitoa ufunguo wa stoo mfukoni, akautazama, akaurudisha, akaenda zake.

Siku nne baadaye akaletwa mwalimu wa shule kutoka vilima vya Kilolo, kwa machela, na kaka zake wanne wamelowa jasho na mvua. Alikuwa na ngiri iliyokuwa imejinyonga tangu jana yake. Tumbo limejaa, uso umemchongoka kwa maumivu. Daktari alimwona akasema mara moja, mezani sasa hivi, utumbo unakufa. Niliuliza kama mgonjwa amekula. Kaka mkubwa alijibu kwa Kiswahili safi kwamba hajatia kitu mdomoni tangu maumivu yaanze. Nikamuuliza mgonjwa, akafumba macho. Lakini nilipokuwa navuta pazia niliwasikia ndugu wawili nje wakilaumiana kwa Kihehe: mmoja anasema ulanzi ule, pombe ya mianzi, haukufaa, mwingine anajibu kwamba alikuwa anaumwa sana, njiani wangempa nini, na uji alikunywa kidogo tu. Tumbo lililojaa, juu yake uji na ulanzi, na nusu kaputi: mgonjwa akitapika amelala, vyote vinaingia mapafuni. Ambakisye alikuwa amenisimulia mara mbili mtu anavyokufa kwa njia hiyo.

Daktari alikuwa amekwisha nawa. Mikono yake ilikuwa juu, inadondosha maji, na chupa ya klorofomu ilikuwa mezani, tayari. Nilimwambia nilichosikia. Akasema hakuna muda, anza. Nikasema lazima kwanza tupitishe mpira tumboni tutoe yaliyomo. Akarudia, sauti imepanda, anza. Dresa aliangalia sakafu. Sista Benedikta alisimama na koleo mkononi kama sanamu. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili wakati huo, nesi wa Kiafrika, mbele ya Bwana Daktari, katika nchi yetu ambayo bado haikuwa yetu.

"Daktari, simpi usingizi mpaka tumbo lake liwe tupu," nilisema. "Ukitaka, mwite mwingine. Lakini nitabaki hapa nimwangalie."

Aliyesogea kwanza ni Sista. Aliweka koleo chini, akaenda kabatini, akarudi na mpira wa tumbo na faneli na ndoo, akavishika mbele yangu bila kumtazama Daktari. Nikampitishia mgonjwa mpira akiwa macho, akijikaza, machozi yanamtoka, nikimwambia kwa Kihehe ameze, ameze, kana kwamba anakunywa ule ulanzi upya. Zilimwagika ndooni zaidi ya lita moja, na harufu ya ulanzi ikajaa chumba kile cheupe, mpaka Daktari akaisikia mwenyewe kwa pua yake. Alirudi kwenye beseni akanawa mikono upya tangu mwanzo.

Nikamlaza mwalimu yule kwa mashine, mshale namba moja, mbili, tatu, kwa subira, kidole mbele ya sikio lake. Klorofomu ilibaki imezibwa. Upasuaji ulianza. Daktari alipofikia utumbo akauvuta ili auone mzima, pumzi ikakatika. Hakukoroma, hakukohoa, ilikuwa kimya tu, na mvukuto ukasimama. "Acha kuvuta," nilisema. "Hapumui." Daktari aliinua mikono yake miwili ikabaki hewani. Nikarudisha mshale kwenye sifuri, nikainua taya, nikabana kinyago, nikakandamiza mvukuto. Kifua hakikuinuka. Nikainua taya zaidi, vidole vinawaka, nikakandamiza tena, na kifua kikapanda. Nikampumulia, nikampumulia, nikihesabu kwa sauti kwa Kinyakyusa, sijui kwa nini, labda kwa sababu ndiyo lugha niliyofundishiwa kuhesabu pumzi. Nilichungulia ndani ya mdomo wake wa chini: majivu, majivu, kisha rangi ya zambarau iliyokolea, kisha nyekundu. Alivuta mwenyewe mara moja, ndogo, kama mtu anayeshtuka, kisha nyingine. Nilingoja hadi zikafika ishirini. Ndipo nikamwambia Daktari aendelee, naye akaendelea, taratibu kuliko nilivyowahi kumwona.

Mwalimu aliamka mchana. Nilikuwa nimemlaza kwa ubavu, nami nimekaa karibu na kichwa chake na karatasi yangu ya mapigo. Neno lake la kwanza lilikuwa kuuliza kama kaka zake wamekula. Niliwaita, nikawaruhusu wamwone mmoja mmoja, na yule kaka mkubwa alipofika kwangu aliinama, akasema kwamba kuhusu chakula alidanganya kwa sababu aliogopa tungekataa kumpokea. Nikamwambia najua. Baada ya hapo niliomba tuweke desturi mpya ya kuwakalisha ndugu kwanza na kuwaeleza, kwa lugha yao, kwa nini tunauliza, na kwamba hatutamfukuza mtu kwa kusema kweli. Jioni hiyo nilimwandikia Ambakisye barua ya kurasa tatu.

Daktari hakuniomba radhi, na sikutegemea. Siku mbili zilipita bila upasuaji. Siku ya tatu kulikuwa na mwanamke mwenye uvimbe, kazi ya kawaida. Nilimlaza, nikaandika mapigo ya kwanza. Jua lilikuwa limeingia vizuri mezani. Sista alimpa Daktari kisu, naye akakipokea, lakini hakuinama. Alisimama tu. Nilidhani anatafuta kitu, nikaangalia huku na huku, dresa naye akaangalia huku na huku, hata nilipoinua macho nikaona Daktari ananitazama mimi. Alikuwa anangoja. Tangu nianze kazi katika chumba kile, sikuwahi kumwona akimngoja mtu yeyote. Nilitaka kusema upesi ili nisimchoshe. Kisha nikarudisha macho kwa yule mgonjwa, nikasikiliza pumzi zake kumi, moja baada ya nyingine, zote safi.

"Sasa anza," nikamwambia.